Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Uingereza: Stesheni ya Dent iko mlimani, kijiji kiko bondeni

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Leeds. Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeshatumwa ofisini kwako kwa njia ya kawaida. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu sisi wasema Kiswahili tunaopanda treni za kaskazini mwa nchi hii tumekuwa wengi, na wengi wetu ni wahudumu wa wazee. Wazee wengi wa Uingereza wanaishi vijijini. Sisi hatuna magari.

Ombi langu ni moja. Katika reli ya Settle hadi Carlisle, inayopita milimani kaskazini mwa England, ziko stesheni zilizojengwa mbali na vijiji ambavyo zimepewa majina yake. Naomba basi dogo la kukutana na treni liwekwe kwenye stesheni hizo, liingie katika ratiba ya reli na tiketi ya reli, na lilipwe kutoka fungu la reli. Najua nitajibiwa kwamba mabasi ni kazi ya halmashauri. Kwa hiyo nieleze kwa nini basi la Dent ni deni la reli yenyewe.

Lazima nianze na mlima, maana reli haipendi mlima. Chuma kikiviringika juu ya chuma hakina msuguano mkubwa, ndiyo maana kichwa kimoja cha treni huvuta mzigo wa kutisha kwenye tambarare, na ndiyo maana mwinuko mdogo tu unakitesa. Mwinuko wa 1 kwa 100, yaani kupanda mita 1 kila unapokwenda mita 100, mtu anayetembea hausikii kabisa. Treni ya tani 1,000 inausikia: inadai nguvu ya ziada inayolingana na uzito wa tani 10, mfululizo, bila kupumzika. Kutoka Settle Junction kwenda Blea Moor mwinuko wa aina hiyo unaendelea karibu kilomita 24. Wafanyakazi wa zamani wa reli waliupa jina lake, Long Drag, yaani mkokoto mrefu, na aliyekuwa akichochea makaa usiku wa mvua hakuhitaji kuelezwa kwa nini. Mpaka leo kando ya njia vipo vibao vifupi vyenye mikono miwili, kila mkono umeandikwa tarakimu na umeinamishwa kufuata mwinuko wa upande wake. Ukiketi dirishani utaiona 100, halafu 100, halafu tena 100.

Aliyekulia Nakuru au Eldoret atacheka hapa. Kilele cha reli hii, pale Ais Gill, ni mita 356 juu ya bahari, wakati stesheni yetu ya Timboroa iko juu ya mita 2,700. Lakini kinachoitesa treni ni ukali wa kupanda, na hali ya hewa. Mwaka 1947 theluji iliifunga njia hii kwa wiki kadhaa.

Sasa kwa nini mtu apitishe reli mahali kama pale? Kampuni ya Midland Railway ilikuwa imechoka kuwapitisha abiria wake wa Scotland kwenye njia za mshindani wake, London and North Western. Ikaomba ruhusa ya kujenga njia yake, na Bunge likaitoa mwaka 1866. Baadaye kampuni hizo mbili zilianza kusikilizana, Midland ikatazama gharama, ikarudi bungeni kuomba iruhusiwe kuuacha mradi. Bunge likakataa. Kazi ikaanza mwaka 1869, abiria wa kwanza wakapita Mei 1876. Kwa maneno mengine, Mheshimiwa, njia hii ipo kwa amri ya Bunge. Mwenye mali alitaka kuiacha kabla hajaweka taruma hata moja.

Mhandisi wake, John Sydney Crossley, alipewa sharti gumu. Treni za haraka za Scotland zilipaswa kushindana na njia ya magharibi, ile ya London and North Western, ambayo inapanda mlima wa Shap kwa 1 kwa 75. Ya Midland isizidi 1 kwa 100, na kona ziwe pana. Ukishaweka sharti hilo katika nchi ya vilima, huchagui tena pa kupita. Bonde likitokea mbele huwezi kulishukia, unalivuka juu kwa juu. Kilima kikitokea hukipandi, unakitoboa. Daraja la Ribblehead, lenye matao 24, urefu wa mita 400 na kimo cha mita 32 mahali pa juu kabisa, lipo kwa sababu hiyo tu. Handaki la Blea Moor, kilomita 2.4 ndani ya mlima, vivyo hivyo. Watalii wanaopiga picha za matao yale wanapiga picha za mwinuko ambao Crossley alikataa kuuvuka.

Nimewahi kusimama chini ya daraja hilo kwa muda mrefu nikihesabu nguzo. Kila ya sita ni nene kuliko wenzake. Ukiangalia haraka unadhani ni urembo. Kumbe waliogopa kwamba nguzo moja ikianguka itavuta ya pili, ya pili ivute ya tatu, mpaka daraja zima lilale. Nguzo nene ipo ili anguko liishie hapo. Hapo chini palikuwa na kambi za wafanyakazi na familia zao. Makaburi ya kanisa la Chapel-le-Dale yalipokea watu karibu 200 katika miaka ya ujenzi, wanaume, wanawake na watoto, wengine kwa ajali, wengi kwa maradhi, ndui ikiwemo.

Na hapa ndipo ninapofika Dent. Reli iliyokatazwa kushuka haiwezi kushuka kwenda kumchukua mwanakijiji. Kijiji cha Dent kiko bondeni, reli ikabaki ubavuni mwa mlima kwenye mita 350, stesheni ikajengwa pale pale reli ilipo. Ndiyo stesheni iliyo juu kuliko zote katika njia kuu za England, ukiiacha Scotland. Kutoka hapo mpaka kijijini ni kilomita 6 na ushee, na barabara inaanza kwa kuporomoka kiasi kwamba dereva mgeni hushika breki mwanzo hadi mwisho. Nyuma ya majukwaa kuna uzio wa mataruma ya zamani yaliyosimamishwa wima, meusi, safu baada ya safu, kuzuia theluji isiporomokee njia. Uzio wa kuilinda treni upo. Cha kumsaidia abiria baada ya kushuka sikukiona. Nilishuka pale jioni moja ya Novemba kwenda kushika zamu ya usiku, simu ikakosa mtandao, na basi dogo nililoambiwa lipo halikuwepo siku hiyo. Binti wa mzee niliyekuwa naenda kumhudumia ndiye aliyekuja kunichukua kwa gari, akamwacha baba yake peke yake muda huo wote.

Kirkby Stephen nayo iko mbali na mji wake, zaidi ya kilomita 2, na anayetoka mjini anapanda kilima. Ribblehead haina hata kijiji cha maana. Garsdale ilijengwa kwa ajili ya njia ya kwenda Hawes, na njia hiyo ilifungwa mwaka 1959, stesheni ikabaki na upepo. Majengo yenyewe ni mazuri, hilo nakubali: mawe, paa za pembe kali, rangi nyekundu iliyoiva na ya maziwa, maua yanayotunzwa na watu wa kujitolea. Kampuni ilitaka ionekane tajiri hata mahali ambapo haikutarajia abiria.

Utaniambia abiria wa Dent ni wachache. Ni kweli, na hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyokaribia kuiua njia nzima. Mwaka 1970 stesheni zote ndogo zilifungwa, zikabaki Settle na Appleby peke yake. Treni zikapunguzwa. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la reli likasema njia haina abiria, na daraja la Ribblehead linavuja na kuoza, matengenezo yake ni mamilioni ya pauni, basi ifungwe. Funga milango ya duka, kisha ulalamike kwamba hakuna anayenunua.

Kilichofuata kinajulikana katika wizara yako kuliko ninavyokijua mimi. Ron Cotton, meneja aliyepewa kazi ya kusimamia kufungwa kwa njia, akaanza kuiuza: nauli nafuu, treni zaidi, na mwaka 1986 stesheni 8 zikafunguliwa tena. Safari zilikuwa 93,000 mwaka 1983, na kufikia 1989 zilikuwa 450,000. Milima haikuhama, kilichobadilika ni huduma. Pingamizi zilizoandikwa zilizidi 22,000, mojawapo ikiwa na alama ya unyayo wa mbwa aitwaye Ruswarp, ambaye sanamu yake ipo kwenye jukwaa la Garsdale. Wahandisi wakafanya matengenezo ya majaribio darajani, ikaonekana gharama ni ndogo kuliko ilivyodaiwa. Tarehe 11 Aprili 1989 waziri wa nchi wa uchukuzi, Michael Portillo, akakataa ombi la kufunga. Mpaka leo anajivunia uamuzi huo, na ana haki.

Kwa hiyo ninaposoma takwimu za stesheni zikionyesha Dent chini kabisa, nauliza: hao waliohesabiwa ni nani? Ni wapanda milima wenye viatu vya kazi hiyo, na wenye magari wanaoyaegesha pale juu. Asiyeweza kutembea kilomita 6 gizani hakuhesabiwa kwa sababu hakuja. Mhudumu, mwanafunzi, mama mwenye kigari cha mtoto, mzee mwenye miadi ya hospitali Carlisle.

Rudi kwenye suala la halmashauri. Reli iko chini yako. Treni zenyewe zinaendeshwa na Northern, ambayo ni mali ya serikali tangu Machi 2020. Mabasi yako chini ya halmashauri, na njia hii moja inapita katika maeneo ya tatu: North Yorkshire upande wa Settle, Westmorland and Furness katikati, Cumberland mwishoni. Ratiba ya reli hubadilika Mei na Desemba, wakati mabasi yana kalenda zao. Halmashauri ikibanwa na bajeti, basi la kijijini ndilo la kwanza kukatwa, na aliyelikata hahesabiwi hasara ya tiketi za treni zinazopotea, kwa kuwa hizo ziko kwenye daftari la mtu mwingine. Sasa serikali yako inaunda Great British Railways ili reli iwe na mwenyewe mmoja. Mwenyewe huyo apewe na hizo kilomita 6.

Sidai basi la saa zote. Treni zenyewe si nyingi, anayekosa moja anaweza kusubiri saa mbili au zaidi, hivyo gari moja dogo la abiria 16 lingeweza kuzimudu treni za Dent, kwenda na kurudi, dereva akapata na muda wa chai. La lazima ni kwamba limngoje abiria. Treni ikichelewa nyuma ya treni ya kokoto kutoka machimbo ya Arcow, au ikisubiri zamu Ribblehead, ambako tangu 1985 njia ya darajani ni moja tu, dereva wa basi apate taarifa na abaki. Basi linaloondoka kwa saa yake wakati treni bado iko ndani ya handaki ni bora lisiwepo, maana litamdanganya mtu ashuke. Na tiketi iwe moja: niandikiwe Dent kijijini, si Dent mlimani. Likiharibika, wajibu wa kutafuta teksi uwe wa kampuni ya treni, kama unavyokuwa treni inapofutwa.

Fedha zipo pale mnapotaka. Februari 2016 ukingo wa mto Eden karibu na Armathwaite uliporomoka na njia ikafungwa. Mlitumia pauni milioni 23 kupigilia nguzo ardhini, na Machi 31, 2017 treni zikapita tena. Hakuna aliyeuliza Armathwaite ina abiria wangapi. Mliona, na mliona sawa, kwamba njia ya mizigo, njia ambayo treni za dizeli huelekezwa pale ile ya magharibi inapofungwa, haiwezi kukatika katikati. Kwa mwanakijiji wa Dent imekatika kila siku tangu mwaka stesheni yake ilipofunguliwa, na mkato huo hauhitaji nguzo hata moja ya zege.

Naomba wizara iagize majaribio ya miezi 12 katika Dent na Kirkby Stephen, yaanze na mabadiliko ya ratiba ya Desemba, na waulizwe kwanza wale ambao hawapandi treni. Ratiba huandaliwa miezi mingi kabla. Jibu likija Novemba litakuwa limeshachelewa kwa mwaka mzima.

Wako,
Abiria wa Leeds