Barua kwa swahiba: somo la kukataa safari

Shangani, Mtwara

Swahiba wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku wazima, kusi inavuma na ming'oko imejaa sokoni. Siku ile kwenye simu nilikwambia nimepewa somo la uongozi na maadili kwa vijana wanaosomea usafirishaji, ukaniuliza, "Hilo nalo linafundishwaje?" Sikukujibu vizuri, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwanzoni niliandika ubaoni uaminifu, uwajibikaji, uwazi, wao wakanakili. Mtihani walifaulu karibu wote. Kisha siku moja nikapanga viti vinne mbele ya darasa, nikasema hili ni lori la korosho, liko ghalani Masasi. Kijana aliyeongoza mtihani nikamweka kiti cha dereva. Mimi nikawa bosi, nikampigia simu: "Ongeza magunia 20 hapo juu, meli inasubiri bandarini." Akajibu papo hapo, "Sawa bosi." Wenzake wakacheka. Yeye akainama, akasema taratibu, "Mwalimu, hilo jibu limetoka lenyewe."

Swahiba, usiku ule sikulala vizuri. Yule kijana jema analijua, mdomo wake ndio haujazoea kulitamka mbele ya mtu anayemlipa. Tangu hapo kila wiki tunafanya mazoezi ya kukataa, kwa sauti, mmoja mmoja.

Tena nawafundisha kukataa mapema. Gunia likiwa bado chini ghalani, hasara yako ni kufokewa. Ukifika nalo mizani, ni faini na kushusha mzigo juani. Ukiwa mteremkoni na breki zimechoka, huna tena wa kumkatalia. Na mtu akatae kwa hesabu. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka gari zima lisizidi tani 56, lakini kila ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, nayo ina kikomo chake, kwa hiyo lori linaweza kuwa chini ya 56 na bado likakamatwa kwa kuwa mzigo umelalia nyuma. Binti mmoja alinipa jibu ambalo mimi "bosi" lilinishinda: "Magunia 20 ya kilo 80 ni kilo 1,600, ekseli ya nyuma itazidi. Tafuta gari la pili au yabaki mpaka kesho. Nakuandikia ujumbe sasa hivi ili tuwe na kumbukumbu."

Niliwapeleka pia kivukoni Msangamkuu. Niliwakumbusha MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018 kule Ukara: kivuko cha kubeba watu 101, waliokufa peke yao 228. Kisha nikamwambia kijana mmoja ahesabu wanaopanda. Alishika kokoto, kila abiria kokoto moja inahamia mfuko wa pili. Akina mama wa samaki walipofika na mabeseni yao, mmoja akamsalimia, naye kwa adabu akaitikia. Hesabu ikapotea hapo hapo. Alirudi kwangu jasho linamtoka: "Mwalimu, anayehesabu watu asipewe kazi nyingine yoyote, hata salamu wamsamehe." Nimelinukuu daftarini kwangu neno hilo.

Sasa ninalokuandikia hasa. Waliniuliza, "Nikikataa nikafukuzwa, je?" Sikutaka kuwadanganya. Nikaanza kuwasimulia usiku wetu ule kabla ya kufika Mtama, mimi na wewe matingo, tairi tuliyoiona tangu ghalani nyuzi zimetoka, tukanyamaza kwa sababu dereva ni mtu mzima, anajua. Nilipofika kwenye mguu wa mwenzetu sauti ilikatika. Darasa likakaa kimya, na swali lao sikulijibu.

Wewe unaweza kulijibu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya, ulisimamisha basi kabla ya Somanga, maji yanapita juu ya lami, abiria wanakutukana, tajiri anapiga simu, nawe ukachomoa ufunguo ukautia mfukoni. Barabara ilikatika kweli. Hata hivyo ulikaa miezi miwili bila basi, na ada ya mtoto ukakopa.

Naomba uje uwaambie hayo, yote mawili. Kipindi changu ni Alhamisi saa nne asubuhi. Panda basi la Jumatano, ukishuka Mkanaledi nipigie, nitakufuata. Na deni la ile ada usiwafiche, wala siku ulipolimaliza.

Ni mimi swahiba wako,
Mwalimu