Mjomba, tezi dume sio lazima kisu

Shikamoo mjomba. Naandika hapa bila kutaja jina lako maana uso kwa uso heshima inaniziba mdomo, na najua wenye hali kama yako ni wengi na wamekaa kimya hivohivo.

Nimeona unavyoamka usiku kila saa, unavyosimama chooni ukisubiri mkojo uanze, ukianza unatoka kidogokidogo unakatika, ukishafunga zipu bado matone yanakuja. Mama akikuuliza unamjibu uzee tu. Ni kweli umri upo, wanaume wakifika miaka 60 karibu nusu yao tezi imeshaanza kutanuka, ila kutanuka ni kitu kimoja na kuteseka ni kingine mjomba, na mateso yana dawa.

Tezi yenyewe imeuzunguka mrija wa mkojo pale chini ya kibofu, ikikua inaubana. Hii sio kansa na haigeuki kuwa kansa, ila mtu anaweza kuwa na vyote viwili ndo maana lazima upimwe, mkojo, damu ya PSA (protini ya tezi dume ambayo ikipanda inaweza kuashiria kansa), altrasaundi ya kuona mkojo unaobaki baada ya kukojoa, na ndio, kile kipimo cha kidole mnachokiogopa wote. Ni sekunde chache tu.

Sasa matibabu, maana naona kichwani kwako yapo mawili tu, kuvumilia au kupasuliwa. Kama dalili ni ndogo daktari anaweza asikupe dawa kabisa, utaambiwa upunguze vinywaji jioni, chai na kahawa na pombe pia, halafu anakufuatilia. Zikizidi zipo dawa kama tamsulosin zinazolegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, hizi ndani ya siku au wiki chache unaona tofauti, ubaya wake zinaweza kukupa kizunguzungu ukinyanyuka ghafla, kwa hiyo wewe wa dawa za presha usifiche, na kama unapanga opresheni ya mtoto wa jicho mwambie daktari wa macho kwamba unazitumia.

Za aina ya pili ni finasteride na dutasteride, hizi ndo zinaipunguza tezi yenyewe, na hapa wengi wanakata tamaa mapema maana zinachukua hata miezi 6 kuonyesha kazi, mtu anakunywa mwezi mmoja anaacha anasema dawa feki. Kuna wanaopungukiwa nguvu za kiume wakizitumia, naomba radhi kukutajia hilo ila bora ulisikie kabla. Pia zinashusha PSA karibu nusu, kwa hiyo anayesoma majibu yako lazima ajue unazitumia, la sivyo ataona namba ndogo atadhani shwari.

Na hizi za mafua, zile za kuzibua pua, usinunue tu kiholela, zinaweza kuufunga mkojo kabisa. Mitishamba ya tezi nayo sikushauri, ule mti maarufu wa saw palmetto umefanyiwa utafiti mkubwa na haukushinda kidonge kisicho na dawa.

Kisu chenyewe unachokiogopa siku hizi mara nyingi hakuna hata mshono, opresheni ya TURP wanapitisha kifaa kwenye njia ya mkojo wanakwangua tezi kwa ndani, unakaa na mpira wa mkojo siku chache. Wengi baada ya hapo manii yanarudi kwenye kibofu badala ya kutoka, hayana madhara kiafya lakini uyajue mapema. Tezi kubwa sana ndo inaweza kuhitaji leza au kupasuliwa tumbo.

Kinachoninyima usingizi ni kuchelewa. Mkojo ukigoma kabisa na tumbo la chini limejaa linauma, hiyo ni dharura, usisubiri kukuche, nenda hospitali wakuwekee mpira. Ukiona damu kwenye mkojo au homa nenda pia. Na mkojo unaobaki ndani muda mrefu unaweza kuharibu figo taratibu bila maumivu yoyote.

Kwa siku tatu andika umeenda chooni saa ngapi na umekunywa nini, weka vidonge vyako vyote kwenye mfuko, vya presha pia, daktari atavihitaji. Nitakupigia Jumapili jioni, nitajie tu siku, nitakupeleka, na kama hutaki niingie ndani nitakusubiri nje mjomba wangu.