Rehema, usiufundishe ule ukurasa wa sodiamu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Hujambo? Wanao hawajambo? Huku sote wazima. Najua nimekaa kimya miezi mitano na najua utanisema, lakini nisamehe leo, unigombeze siku nyingine, maana nina jambo la haraka.

Salim kaniambia umekabidhiwa darasa la kemia na kwamba unatumia yale madaftari yangu. Moyo ulinipasuka. Kuna ukurasa humo una kosa, Rehema, na kosa ni langu.

Ni ule wa muungo wa ioni, yaani atomu zenye chaji baada ya kutoa au kupokea elektroni. Niliandika, tena kwa wino mwekundu, kwamba sodiamu inapenda kutoa elektroni yake ya nje ili ibaki na nane kwenye mzingo wa nje, na klorini yenye saba inapenda kupokea moja, basi zikikutana kazi imekwisha. Nimefundisha hivyo miaka yote. Juzi binti mmoja wa darasani kwangu akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama inapenda kuitoa, mbona tunatumia nishati kuing'oa?" Nikakosa la kusema. Nilimwomba anipe hadi kesho yake, nikakesha na tarakimu.

Hebu zitazame nawe. Kung'oa elektroni moja moja katika moli ya atomu za sodiamu zilizo gesi kunataka kilojuli 496. Klorini ikizipokea inatoa 349 tu. Pungufu ni 147! Atomu mbili zilizo mbali moja na nyingine hazina sababu yoyote ya kupeana kitu. Sodiamu haipendi kutoa. Inanyang'anywa, na kuna anayelipa gharama.

Anayelipa ni mvuto. Ioni chanya na ioni hasi huvutana, na hazivutani mbili mbili kama nilivyochora kwa mishale yangu. Kila ioni ya sodiamu huzungukwa na sita za klorini, na kila ya klorini na sita za sodiamu, hivyo hivyo pande zote za fuwele. Ioni hizo zikijipanga kutoka kwenye gesi hutoka kilojuli 787 hivi kwa moli. Toa ile 147, toa 107 za kutawanya metali ya sodiamu na 121 za kutenganisha atomu za klorini, bado inabaki zaidi ya 400. Na ndiyo maana chumvi, ambayo ndiyo fuwele hiyo, haiyeyuki mpaka nyuzi 801 za Selsiasi. Nilipofika hapo nilisimama nikazunguka chumba peke yangu.

Na lile la nane pia tulilisema kama hirizi. Mbona sodiamu inaishia kwenye elektroni moja? Kwa sababu ya pili inadai kilojuli 4562. Hiyo iko mzingo wa ndani, karibu na kiini, na fuwele haina uwezo wa kulipia gharama kubwa namna hiyo. Magnesiamu wanaing'oa mbili, 738 kisha 1451, ila ya tatu ni 7733, basi inaishia hapo. Bei ndiyo inayoamua. Nane ni matokeo yake.

Mielekeo ya jedwali la elementi nayo inasomeka vizuri ukianzia hapo. Shuka kundi la kwanza: lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419, sesiamu 376. Mizingo inaongezeka, elektroni ya nje inakaa mbali na kiini na imekingwa na zile za ndani, kwa hiyo inang'oka kwa urahisi zaidi. Ukienda kulia mstari mmoja, protoni zinaongezeka lakini mzingo wa nje ni uleule, kiini kinavuta kwa nguvu zaidi na atomu inasinyaa. Usiwaambie tu kwamba nishati inapanda bila kusita: alumini ni 578, chini ya magnesiamu, kwa kuwa elektroni yake ya nje imekaa kwenye obiti p, nafasi ya elektroni yenye nishati juu kidogo kuliko obiti s ya mzingo uleule. Niliwahi kuificha hiyo kwa kuogopa maswali.

Lakini nirudi kwenye sodiamu, ndiyo inayoninyima usingizi. Naomba unisaidie: uchane ukurasa ule, au bora zaidi uwaachie waone kosa lenyewe. Waandikie ubaoni 496 na 349 uwaache wabishane kabla hujataja fuwele. Mimi nilifanya hivyo siku iliyofuata na yule binti ndiye aliyetaja mvuto kabla yangu. Nilifurahi, Rehema, sijui nikwambieje.

Umeshafika somo hilo, au bado mko kwenye kupanga elektroni? Wanafunzi wako wanashangaa kuwa ioni ya klorini ni kubwa kuliko atomu yake? Wangu hawakubali mpaka leo. Baba watoto bado analiita jedwali "kalenda ya wanakemia"? Na mama yako, goti limepoa? Salim alisema utapita huku likizo, ni kweli au ni maneno yake tu? Ukija lete daftari la pili, lile la asidi, nahofia nalo nilipitie upya.

Nijibu mapema, hata mistari miwili.

Wako,
Neema