Risala ya Klabu ya Sayansi ya Anga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa heshima zote. Kwenye meza yetu utakuta mada moja tu: chombo cha Marekani kiitwacho ACE, kilichorushwa kutoka Cape Canaveral tarehe 25 Agosti 1997 kwenda kupima upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye umeme unaotoka kwenye Jua, na chembe zinazotoka mbali kuliko Jua lenyewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, thamani ya ACE inaanzia mahali kilipo. Kiko jirani na nukta ya L1, mahali ambapo mvuto wa Jua na wa Dunia hukiwezesha chombo kwenda sambamba na Dunia, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea Jua. Upepo wa jua wa kilomita 400 kwa sekunde hutumia saa moja na dakika chache kutoka hapo hadi kwetu, ilhali ishara ya redio hufika kwa sekunde 5. Tofauti hiyo ndiyo muda wote wa tahadhari kabla dhoruba ya Jua haijatufikia. Dhoruba ikija kwa kilomita 2,000 kwa sekunde, zinabaki dakika 12 na ushee.

Wengi hudhani chombo kimetulia pale pale kwenye L1. Kingekaa hapo, antena za duniani zingekitazama huku Jua likiwa nyuma yake, na kelele za redio za Jua zingemeza ishara. Ndiyo maana kinaizunguka L1 kwa mzingo mpana. Hata hivyo mahali hapo si imara, hivyo injini ndogo zinazotumia mafuta ya haidrazini hukirekebisha mara kwa mara. Kinajizungusha mara 5 kwa dakika ili kisiyumbe, na kila baada ya siku chache mhimili wake huelekezwa upya kuifuata Dunia, maana Dunia husogea karibu digrii 1 kwa siku katika safari yake ya kulizunguka Jua.

Vifaa vya sayansi ni 9. Sensa mbili za sumaku zimewekwa kwenye ncha za mikono mirefu, mbali na nyaya, kwa sababu umeme wa chombo nao huzaa uga sumaku. Kifaa cha CRIS, kinachopima chembe zitokazo mbali kuliko Jua, kina visahani vya silikoni vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Chembe ikivipenya, kila kisahani hurekodi nishati iliyopotea, na pale inapokwama hujulikana ni kiini cha elementi gani na kina uzito gani. Kwa njia hiyo, katika miaka 17 vilitambuliwa viini 15 vya chuma-60, aina ya chuma yenye unururifu, kati ya viini vya chuma zaidi ya laki tatu. Chuma-60 hupungua nusu kila miaka milioni 2.6, kwa hiyo nyota iliyokitengeneza haikulipuka zamani sana, wala mbali sana.

Uzee nao umekigusa. Vali za kifaa cha SEPICA ziliharibika mwaka 2005, na mwaka 2011 mnururisho uliathiri elektroniki za kifaa kingine, SWICS. Udhaifu unaotusumbua zaidi ni wa SWEPAM, kipimo cha kasi na msongamano wa upepo: protoni kali hupenya kuta zake na kuvuruga hesabu wakati ule ule dhoruba inapopamba moto, kama ilivyokuwa Oktoba 2003. DSCOVR, chombo kipya zaidi cha Marekani, ilichukua nafasi ya kwanza ya utabiri mwaka 2016, lakini ilipopata hitilafu mwaka 2019 ni mzee ACE aliyerudi zamu.

Anayesoma chati ya vipimo hivi aanze na Bz, yaani sehemu ya uga sumaku wa upepo inayoelekea kaskazini au kusini, si kasi. Bz ikiwa hasi, uga wa upepo huelekea kusini, kinyume na uga wa Dunia upande wa mbele. Nyuga hizo huungana na nishati huingia. Bz ya nanotesla (kipimo cha nguvu ya uga sumaku) 10 chini ya sifuri ikidumu saa 3, tarajia dhoruba kali. Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo iliwaacha watu milioni 6 wa Quebec bila umeme kwa saa 9.

Ndugu Mgeni Rasmi, takwimu hizi hutolewa bure. Ombi letu ni kompyuta moja ya klabu ibaki kwenye intaneti siku nzima, kwani chati inayotazamwa mara moja kwa wiki haimtahadharishi mtu. Sasa tunakuomba ufike mezani ufungue maonesho.

Tunaomba kuwasilisha.