Si kila anayepukutika nywele amepungukiwa vitamini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie dai ambalo limezoeleka katika matangazo ya redio, katika makundi ya WhatsApp na hata katika kurasa za afya za magazeti, kwamba mtu anayepoteza nywele ameishiwa vitamini na kwamba vidonge vya "nywele, ngozi na kucha" vitamrudishia. Mimi ni mfamasia, na vidonge hivyo vimo katika rafu za duka ninalofanyia kazi, kwa hiyo sina ugomvi na mtu anayevinunua akijua anachonunua. Ninachokipinga ni kuuziwa dawa kabla ya kuulizwa swali hata moja, ilhali sababu za nywele kutoka ni nyingi, na upungufu ulio wa kawaida zaidi miongoni mwa wanawake wetu mara nyingi hautibiwi na kilichomo katika chupa hizo.

Ni kweli kwamba nywele hutegemea chakula. Aliyewahi kuhudumu katika wodi ya watoto anamjua mtoto mwenye kwashakoo, ambaye nywele zake huwa nyembamba, zimepauka na kuingia wekundu, na hung'oka zikivutwa kidogo tu. Kwa mtu mzima anayekula kila siku, upungufu wa kutafutwa kwanza ni wa madini ya chuma, ambayo wala si vitamini. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Si upungufu wote wa damu unaotokana na kukosa chuma, kwa kuwa malaria na selimundu nazo zimo, lakini hedhi nzito, mimba zinazofuatana na minyoo ya safura humaliza chuma mwilini polepole, na akiba inaweza kwisha kabla kipimo cha kawaida cha wingi wa damu hakijaonyesha kasoro. Kipimo kinachoonyesha akiba hiyo ni cha feritini, na anayekisoma anapaswa kujua kwamba maambukizi au uvimbe mwilini vinaweza kukipandisha na kuficha upungufu uliopo.

Tiba yake haina mvuto wa kibiashara. Ni vidonge vya kuongeza damu, vinavyotumiwa kwa miezi kadhaa kwa kipimo alichoandika tabibu, pamoja na maini, dagaa, maharage na mboga za majani. Chai inayonywewa pamoja na chakula au na vidonge hivyo huzuia chuma kisifyonzwe, wakati ndimu au chungwa husaidia kifyonzwe, na jambo hilo dogo lisilogharimu kitu sijaliona katika tangazo lolote. Kwa mwanamume, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, kupungukiwa chuma ni sababu ya kutafuta damu inapotelea wapi, hasa tumboni, na si jambo la kumalizia dukani kwangu.

Dai la vitamini limepata nguvu, kwa maoni yangu, kwa sababu ya kalenda ya nywele zenyewe. Unywele mmoja wa kichwani hukua kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika kwa takriban miezi 3 kabla ya kudondoka, na kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida kabisa. Mwili unapopata mshtuko, kama vile kujifungua, homa kali, upasuaji au kukonda kwa haraka, nywele nyingi huingia katika mapumziko kwa pamoja, na miezi 2 au 3 baadaye hudondoka kwa pamoja. Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu anapochana nywele na kuona kitana kimejaa, hakumbuki leba. Anakumbuka alichokula wiki iliyopita. Ananunua vidonge mtoto akiwa na miezi minne, nywele zinaanza kurudi zenyewe kama ambavyo zingerudi hata bila vidonge, kwa kawaida kabla ya mtoto kutimiza mwaka, na sifa zote zinakwenda kwenye chupa. Mama huyo atamweleza jirani yake kwa nia njema kabisa, na hakuna mtangazaji anayeweza kumshinda.

Chupa hizo kwa kawaida zimejaa biotini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 za biotini kwa siku, kiasi ambacho chakula cha kawaida hukitoa, wakati kidonge kimoja cha dukani kinaweza kuwa na mikrogramu 5,000 au 10,000. Upungufu wake ni nadra. Huonekana kwa watu wachache, kwa mfano wenye maradhi ya kurithi, au anayekula kwa muda mrefu ute mweupe wa mayai mabichi, ambao huishika biotini isifyonzwe. Kwa mtu asiye na upungufu huo hakuna ushahidi madhubuti kwamba vidonge vinamwotesha nywele. Ipo pia hatari ambayo wateja wengi hawajawahi kuisikia. Novemba 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba biotini nyingi mwilini huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya homoni za tezi ya thairoidi na kile cha troponini kinachotumika kutambua shambulio la moyo, na ikaeleza kwamba mgonjwa mmoja alifariki baada ya kipimo chake cha troponini kutoa majibu ya chini kuliko hali halisi. Anayetumia biotini na kupelekwa maabara anapaswa kumwambia daktari mapema.

Wanaosema kwamba vitamini ikizidi hutoka kwa mkojo na haina madhara nao wanakosea. Vitamini A huhifadhiwa kwenye ini, na ikizidi kwa muda mrefu mojawapo ya dalili zake ni hiyo hiyo ya kupoteza nywele. Madini ya seleniamu ni vivyo hivyo: mwaka 2008 nchini Marekani kirutubisho kimoja cha maji kilichotengenezwa kwa makosa kikiwa na seleniamu takriban mara 200 ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo kiliwadhuru watu wapatao 200, na wengi wao walipoteza nywele.

Nihamie sasa saluni, maana huko ndiko ninakoamini tatizo kubwa lilipo. Nywele zinazokwisha kuanzia kwenye paji la uso na juu ya masikio, kwa mtu anayesuka rasta nzito, anayeshonea nywele za bandia au anayebana kwa nguvu kila siku, zinakwisha kwa sababu zinavutwa. Hakuna kidonge kinachoweza kushindana na uzi. Dalili za mwanzo ni maumivu, vipele vidogo kwenye mistari ya suko na mteja kulazimika kumeza dawa ya maumivu ili alale, jambo ambalo kwetu limegeuzwa kuwa ushahidi kwamba msusi anajua kazi. Mtu akiacha mapema, nywele hurudi. Akiendelea kwa miaka, vinyweleo hugeuka kovu na hazirudi tena. Kuweka dawa ya kulainisha nywele kisha kuzisuka kwa kuzikaza huongeza hatari. Wapo pia wanawake ambao nywele huanza kutoka utosini na kusambaa, pengine kwa mwasho na kuungua, na hao wanahitaji kuonwa haraka kabla kovu halijatanda. Mtoto mwenye mapunye, kwa upande wake, anahitaji dawa ya kumeza kama grizeofulvini kwa wiki kadhaa, kwa sababu fangasi huyo hukaa ndani ya unywele ambako dawa ya kupaka haifiki.

Kuhusu dawa zinazotajwa sana, minoksidili ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, na mwaka 1988 ikaidhinishwa Marekani kama dawa ya kupaka kichwani. Inafaa zaidi kwa upara wa kurithi. Matokeo huhitaji miezi 4 hadi 6, wiki za mwanzo nywele zinaweza hata kuongezeka kutoka, na mtu akiiacha hupoteza alichokipata. Finasteraidi ya kumeza, dawa nyingine ya upara wa kurithi, ni ya wanaume, na mwanamke mjamzito hatakiwi hata kushika kidonge kilichovunjika kwa kuwa kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Juisi ya kitunguu, ambayo najua itatajwa na wasomaji, ilijaribiwa kwa kundi dogo la wagonjwa huko Baghdad, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, na wengi wao waliota nywele. Hao walikuwa na ugonjwa wa nywele kutoka kwa mabaka ya mviringo, ambao kinga ya mwili hushambulia vinyweleo na ambao aghalabu hupona wenyewe, hivyo matokeo yao hayamhusu mwenye upara wa kurithi wala aliyevutwa na rasta.

Nchi yetu haina uhaba wa elimu ya mambo haya. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika tangu mwaka 1992. Naomba gazeti lako, litakapoandika tena kuhusu nywele, liwaulize wataalamu wa aina hiyo kabla ya kumuuliza muuzaji, liiweke tahadhari ya vipimo vya maabara kila biotini inapotajwa, na pale makala inapokuwa imelipiwa, neno "Tangazo" liandikwe juu yake kwa herufi zinazosomeka.

Mfamasia,
Morogoro