Ndege wa Sabaki si wa kaskazi peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu ndege wa pale Mto Sabaki unapoingia baharini, manake kila mwaka ikifika Desemba wageni wanaletwa pale na magari, darubini shingoni, picha zinapigwa, halafu mvua za mwezi wa nne zikianza kila mtu anaondoka na tunaambiwa msimu wa ndege umekwisha. Haujaisha jamani. Wageni ndio wamebadilika, na hao wanaokuja wakati wa kusi, yaani ule upepo wa kusini unaofuata baada ya kaskazi ya Desemba, ndio nataka tuwaongelee leo sababu hawana wa kuwasemea.

Kwa wasiopajua, ni hapo kaskazini mwa Malindi, ukishavuka daraja kama unaenda Mambrui, unashuka upande wa bahari. Mto huu ni ule ule wanaouita Athi huko Machakos, ukitoka Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, na njia nzima unakusanya udongo. Wenye hoteli hawaupendi kabisa kwa sababu mvua zikipiga bara bahari ya Malindi inakuwa ya kahawia. Lakini udongo huo huo ndio umejenga yale mafungu ya mchanga na matope pale mlangoni, na ndani ya tope kuna minyoo na vikaa vidogo na konokono, yaani chakula cha ndege kiko pale mwaka mzima. Viboko pia wako, kwa hivo ukienda usijitie ushujaa wa kuvuka mto peke yako, nenda na vijana wa pale wanaojua njia.

Kaskazi ni raha, sibishani na mtu. Kuanzia Agosti wale wa mbali wanaanza kuingia mmoja mmoja, ikifika Novemba wamejaa, wengine wametoka Siberia kabisa, wengine Asia ya kati, na wale shakwe wenye kichwa cha rangi ya masizi wanashuka kutoka pwani za Uarabuni wanakozalia. Ukiteremka mpaka ghuba ya Mida kule Watamu utamkuta na yule ndege mweupe na mweusi mla kaa, mwenye mdomo mnene, ambaye huko Oman na visiwa vya Ghuba anachimba shimo mchangani na kutaga yai moja humo ndani. Na wanaotaka kuona vizuri nawaambia kila siku, msiende maji yakiwa yametoka, mtaona vidoadoa tu huko mbali. Nendeni siku za bamvua, zile maji yanapojaa sana kuliko kawaida, fikeni kama dakika tisini hivi kabla maji hayajajaa, mkae chini mtulie, maji yenyewe yatawasukuma ndege mpaka wawe mbele yenu.

Kuna mmoja mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, akija huwa wa kijivu tu, humtazami mara mbili. Huyo mngojeni mwisho wa Machi. Kifua na tumbo vinaanza kuingia madoa mekundu, kila siku yanaongezeka, na mwezi wa nne ukiingia amekuwa mwekundu wa matofali karibu mwili mzima, na anakula bila kupumzika kwa sababu anatafuta mafuta ya kumrudisha Siberia akazae. Ukimrusha pale fungu mara tano sita asubuhi moja ujue unamchomea akiba yake ya safari.

Sasa huyo akiondoka ndo anaingia mwenzake kutoka upande wa pili. Wataalamu wanamwita pratinkole wa Madagaska. Anazaa Madagaska tu, kwingine kokote duniani hazai, na akishalea makinda yake anavuka bahari kuja kukaa kwetu huku pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa hivi. Sabaki ni moja ya sehemu chache ambazo unaweza kumwona kwa mamia, na kuna miaka wanafika maelfu. Akiruka utadhani mbayuwayu mkubwa, anadaka wadudu hewani. Akitua humwoni, rangi yake ni ile ile ya mchanga mchafu, mpaka uangalie kwa darubini ndo unaona mstari mweupe nyuma ya jicho na wekundu kidogo mwanzo wa mdomo. Na mchana wanakaa chini kundi zima wote wameelekeza uso kusini, kule upepo unakotoka, hakuna hata mmoja aliyegeuka! Mimi naweza kukaa nikawatazama mpaka jua litue.

Lakini nani anawahesabu? Ile sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanywa Januari, na ni kazi nzuri sana, inatusaidia kujua hali ya wale wa Ulaya na Asia. Ila Januari pratinkole yuko kwao Madagaska. Kwa hivo ukitegemea hesabu ya Januari peke yake, ndege ambaye anakaa kwetu karibu nusu ya mwaka hayumo, na mtu akija kesho na mradi wake akauliza pale mlangoni kuna nini ataonyeshwa karatasi ambayo haina habari ya kusi hata kidogo.

Na kusi ndio wakati watu wanaona pale ni pa bure. Watalii hawapo, watembeza wageni wamerudi kutafuta vibarua vingine, basi pikipiki zinakimbizana juu ya mafungu, na zile za magurudumu manne, mbwa wanaachiwa, kundi linaruka, linazunguka, linatua, haijapita dakika kumi linarushwa tena. Siwalaumu vijana, hakuna aliyewaambia kuna mgeni amelala pale, na mchanga mtupu kweli ni mchanga mtupu kwa asiyejua.

Ninachoomba ni hivi. Wanaohusika na mazingira kaunti watusaidie kuwe na hesabu ya Agosti pale Sabaki kila mwaka, watu wachache wenye darubini asubuhi moja ya bamvua wanaitosha, na wale vijana wanaotembeza wageni walipwe siku hiyo kwa sababu macho yao ndio yanajua. Mipaka ya pikipiki iwekwe na ikae mwaka mzima, isingoje Desemba. Na walimu wa Malindi na Mambrui, hiyo Siku ya Ndege Wanaohama ya mwezi wa Mei, Jumamosi ya pili, leteni watoto Sabaki hata kama mawingu yametanda, wabebe kofia na koti la mvua, wataona ndege ambaye mtalii wa Krismasi hajawahi kumwona.

Mpenda ndege,
Mambrui, Kilifi