Ng'ombe wa Aubrac si onyesho la watalii

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu utalii wa mashambani nchini Ufaransa, na nawashukuru kwa kuwatoa wasomaji Paris, mji ambao magazeti yetu huuandika kana kwamba nchi nzima imejengwa chini ya mnara mmoja. Hata hivyo, mimi niishiye Rodez, mwendo wa saa moja hivi kwa gari hadi uwanda wa juu wa Aubrac, nimeshindwa kunyamaza baada ya kusoma kwamba ng'ombe wanaovishwa maua na kengele mwezi Mei ni onyesho lililobuniwa kwa ajili ya wageni. Maua ni ya wageni, hilo nalikubali, lakini safari ya ng'ombe ni ya wafugaji wenyewe.

Aubrac ni uwanda wa mawe ya volkano na itale unaogawanywa na wilaya tatu, yaani Aveyron, Lozère na Cantal, na kilele chake kinafika mita 1,469. Wakati wa baridi theluji hufunika malisho, hivyo mifugo hukaa mabandani sehemu za chini. Ifikapo tarehe 25 Mei hivi hupandishwa juu, na hushushwa karibu na tarehe 13 Oktoba. Mwaka 2023 Ufaransa iliongezwa katika orodha ya nchi ambazo desturi yao ya kuhamisha mifugo kwa majira inatambuliwa na UNESCO, lakini hata bila cheti hicho ng'ombe wangepanda tu, kwa kuwa majani yako juu. Tena uwazi ule usio na miti, ambao waandishi wa utalii huusifu kama kazi ya maumbile, umetokana kwa sehemu kubwa na shoka la binadamu na meno ya ng'ombe. Wakiondoka hao, vichaka vitarudi, na msitu utafuata.

Zamani jibini ilitengenezwa huko huko juu, ndani ya vibanda vya mawe viitwavyo buron, ambamo wanaume wachache walikaa majira yote ya kiangazi mbali na familia zao. Mmoja wao kazi yake ilikuwa ndama: alimfungulia ndama anyonye kidogo, kisha akamfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake, maana ng'ombe wa Aubrac hakubali kushusha maziwa asipomwona mwanawe. Mfugaji wa ng'ombe wa kienyeji huko nyumbani hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Kazi hiyo ilikaribia kufa. Vijana walihamia Paris, wengi wao wakawa wahudumu na hata wenye mikahawa, na vibanda vikabaki vitupu. Mwaka 1960 wafugaji wakaunda ushirika mjini Laguiole, mji mdogo wa huko Aubrac (jina linalotamkwa Layole, kinyume na maandishi yake), na mwaka uliofuata jibini yao ikapata ulinzi wa kisheria wa jina la asili: lazima itokane na maziwa mabichi ya ng'ombe wa eneo hilo, na ikae ghalani angalau miezi minne kabla ya kuuzwa. Kisu maarufu cha mji huo huo, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1829 na baadaye kikaongezwa sindano ya kumtoboa ng'ombe aliyevimba tumbo kwa gesi, hakikupata bahati hiyo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu msafiri anaweza kukutana na kisu chenye jina la Laguiole kilichotoka nje kabisa ya Ufaransa. Makala yenu iliwashauri wasomaji wakinunue kama kumbukumbu bila kuwaambia waulize kimetengenezwa wapi.

Kwa apendaye kutembea kwa miguu, kipande cha njia ya mahujaji waendao Santiago, Hispania, kati ya Nasbinals na Saint-Chély-d'Aubrac, chenye kilomita 17, kimo katika urithi wa dunia tangu mwaka 1998. Alama zake ni mistari miwili, mweupe na mwekundu. Njia hupita katikati ya malisho, kwa hiyo kila lango lifunguliwalo lifungwe, na ng'ombe mwenye ndama apishwe kwa mbali. Ukungu nao huja ghafla. Watawa walioishi kijijini Aubrac tangu karne ya 12 walikuwa na kengele waliyoigonga wakati wa ukungu na theluji ili msafiri aliyepotea aifuate sauti yake, na wenyeji wanaiita hadi leo kengele ya waliopotea. Mimi ningemshauri mtu aende Juni au Septemba, si siku ya sherehe ya kupandisha ng'ombe mwezi Mei, ambapo magari ni mengi kuliko ng'ombe.

Nimalizie na chakula, kwa sababu hapo ndipo makala ilipokosea waziwazi. Aligot, chakula cha Aubrac, si viazi vya kuponda vilivyonyunyiziwa jibini yoyote. Kwa kilo moja ya viazi huwekwa takriban gramu 400 za tome, yaani jibini changa ambayo bado haijatiwa chumvi, pamoja na siagi, malai na kitunguu saumu, kisha husongwa kwa mwiko juu ya moto mdogo. Mpishi wa ugali ataujua mkono huo mara moja, ila hapa mwiko huinuliwa juu na chakula kikafuata kama utepe mrefu usiokatika. Msomaji atakayefuata maelekezo yenu na kutumia jibini iliyokomaa ataona mafuta yakijitenga na viazi, na utepe hautapatikana.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi,
Rodez, Ufaransa